Yule Aliyeitikia Wimbo wa Sri

Nyinyi mnaokuja kunisalimia hapa La Rochelle, Johannesburg, shikamoo mdomoni na vidude vya masikioni hamjavitoa, swali lenu ni lile lile. "Eish, Ma Rukia, uliacha kwa nini?" Huwa nawajibu kwamba masikio yamechoka. Nawadanganya. Masikio yangu ni mazima. Nasikia jirani wa juu akikwangua sufuria, na nawasikia nyinyi mkinisema mkifika ngazini. Leo nimeamua kuandika, maana nikisimulia mnanijibu kwa Kiingereza, nami nakasirika, na habari inaharibikia njiani.

Kazi yangu ilikuwa kuzichukua nyimbo za watu walioachwa na kuzitia mdundo wa mji huu, ili aliyeachwa naye apate kucheza. Nyinyi mnaita rimiksi. Mimi nilianza nayo kabla sijajua ina jina. Nilikuwa na meza yangu mtaa wa Mayfair, ubavuni mwa duka la vitambaa la Msomali, nikiuza kaswida na taarabu kwenye kanda, na siku moja mteja akaniomba nimwondolee ubeti mmoja uliokuwa unamtaja wifi yake. Nikakata utepe kwa wembe, nikaunga kwa selotepu. Wimbo ukapita pale kama haukuwahi kuwa na wifi. Nilijiona mchawi, na kiburi kile kilinikaa miaka mingi.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Papa Dieudo. Huyu ni Mkongomani wa Lubumbashi, mpiga kinanda wa kanisani na fundi wa spika, mtu mrefu mwenye kofia ya kahawia ambayo haiondoki kichwani. Anakula nayo, anatengeneza spika nayo, na nadhani analala nayo. Aliniambia huivua mahali pawili tu: kanisani, na mbele ya maiti. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kukiona kipara chake, na nilikuwa namtania kwamba huenda hakuna kichwa humo.

Alinipa sheria tatu. Ya kwanza, usikate pumzi ya mwimbaji. Ya pili, usitupe kitu chochote kabla mwenye wimbo hajasikiliza. Ya tatu, wimbo ukiisha, nenda ukausikilize jikoni.

Hiyo ya jikoni ndiyo bora, wanangu, na ndiyo msiyoifuata. Mbele ya spika kila wimbo ni mzuri, kama mtoto alivyo mzuri mbele ya mama yake. Lakini watu hawatausikia wimbo wako wakiwa wamekaa mbele ya spika. Watausikia ukutani, kwa jirani, wakikatakata mboga. Basi unauacha ucheze chumbani, unaingia jikoni, unafunga mlango, unaosha vyombo. Mikono ikiwa na shughuli sikio halidanganyi. Kama kitu kimepungua utakijua kabla hujamaliza vikombe. Chumba changu cha kazi na jikoni vilitenganishwa na mlango mmoja wa mbao nyembamba, na mlango ule ulinifundisha kuliko mashine zote.

Sheria ya kwanza niliivunja mapema. Kuna dada wa Unguja aliniletea wimbo wake, sauti tamu ila anahema kama anapanda mlima. Mimi na usafi wangu nikaziondoa pumzi zote, moja moja, kutwa nzima. Nikamwita Papa Dieudo ajionee. Alisikiliza kidogo tu akazima mwenyewe.

"Mama Rukia," akasema, "mutu hapumui, na anaimba. Ule ni mutu gani?"

"Ni usafi, Papa."

"Hapana. Umetengeneza mufu. Rudisha pumuzi yake mbele usiku haiyaingia."

Nilicheka, lakini nilipousikiliza tena nywele zikanisimama. Kweli ilikuwa sauti ya mtu asiye na kifua. Nikazirudisha zote, na tangu siku ile sikukata pumzi ya mtu. Ningekuwa na akili ningejua kwamba pumzi ni mfano tu, kwamba alikuwa ananionya kuhusu mengine. Lakini sikio la mkaidi mnalijua.

Si kwamba kazi yote ilikuwa ya kutisha. Kuna bwana mmoja wa Bujumbura mkewe alimtungia mpasho mzima, bila jina lakini kila mtu anamjua, hadi ndala zake zilitajwa. Nikautia besi nzito ya amapiano, ile inayogonga kifuani. Kwenye sherehe bwana yule ndiye aliyekuwa wa kwanza uwanjani, akacheza mpaka shati likalowa, akanifuata kunishukuru. "Mama, huo wimbo unanigusa sana." Nikamwambia naona. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii: unaweka huzuni chini na mdundo juu, na mtu anacheza juu ya kidonda chake bila kujua kinachomwasha. Sharp, kama mnavyosema.

Ndipo akaja Sri.

Tulikutana Mayfair, upande wa wanawake msikitini, Ijumaa. Simu yangu iliita nikiwa navaa viatu, na mlio wake ulikuwa kipande cha kazi yangu. Mwanamke mdogo wa umbo, mtandio wa kijani, akanishika mkono. Aliuliza nani kautengeneza. Nikamwambia ni mimi. Akatazama mikunjo ya uso wangu, akaamini kwa shida.

Alikuwa mtu wa Java, huko Indonesia, na kazi yake ilikuwa kuwakanda watu migongo katika duka moja Randburg. Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nami hapa nawaandikia maneno yake kwa Kiswahili. Aliniita Ibu, ndivyo wanavyomwita mama kwao. Tulikula sambusa tumesimama, akinionyesha kwenye simu mambo ya kwao. Nikaona kumbe tuna ndugu wa kazi mbali huko! Vijana wa Java huzichukua nyimbo za kuachwa, za lugha yao wenyewe, wakazitia besi na ving'ora, malori yakapita vijijini na spika zilizopangwa kama nyumba ya ghorofa, madirisha yakitetemeka. Na watu hawaketi kulia. Wanacheza, mikono juu, machozi yanawatoka, wanaimba kila neno.

"Kwetu mtu akiachwa hajifichi," Sri alisema. "Anatafuta wimbo wa aliyeachwa, anaucheza na wenzake mpaka moyo umevunjika sawasawa."

Nikampenda pale pale.

Alikuwa na wimbo wake mwenyewe. Zamani aliimba kwenye bendi ndogo ya arusi kijijini kwao, na mtu alimrekodi kwa simu kwenye arusi ya jirani. Simu yenyewe ilishakufa. Wimbo ulibaki kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu aliyoitunza ndani ya kitambaa, ndani ya pochi, ndani ya mkoba. Wimbo ule ni wa mwanamke anayepika, anapakua, anaifunika sahani ya bwana kwa sahani nyingine, anaketi kungoja. Asubuhi anafunua, wali umechacha. Anaosha, anapika tena. Ndiyo hivyo tu mpaka mwisho. Akaniomba nimtengenezee kwa mtindo wa Johannesburg, uwe tayari kwa siku fulani anayoitaka. Hakusema siku ya nini, nami sikumwuliza, maana nilidhani ni sherehe.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na msicheke.

Siku hizi kuna programu ya kutenganisha sauti na vyombo. Unaiingizia wimbo, inakupa mistari miwili: juu sauti ya mwimbaji peke yake, chini mabaki yote. Sauti ya Sri ikaja juu, safi kama maji ya mtungi. Chini yakabaki ngoma, kinanda, sahani za arusini, kuku, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipiga kelele kila Sri anapomaliza ubeti. "Hokya!" Nusu kelele, nusu kicheko. Nikasema huyu ni mpayukaji wa arusi, kila arusi inaye. Mimi huyo! Mimi niliyezaliwa Tanga, niliyekulia kwenye vigelegele, ambaye kwetu wimbo usioitikiwa ni sawa na msiba! Nikautupa mstari wa chini pamoja na nakala ya wimbo wa awali, nikasafisha na jalala la kompyuta.

Zile nafasi alizokuwa akipiga kelele sikuziziba. Niliziacha kimya kitupu, mipigo minne kila moja, nafasi sita kwenye wimbo mzima, kwa sababu kimya kabla ya besi kurudi humfanya mchezaji ainue mguu. Kisha nikafuta kadi yake, ilikuwa imejaa, nikamwekea wimbo mpya, na kwa ukarimu wangu nikamjazia nyimbo zangu nyingine mpaka kadi ikatosheka. "Kadi safi, kazi safi," ndio ulikuwa msemo wangu. Siku hizi nikiusikia natamani kutapika.

Sri alikuja mchana, moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado inanukia mafuta ya kukandia. Nikamkalisha, nikamvika spika za masikioni. Besi ilipoingia alitabasamu, akaanza kutikisa bega. Ikafika nafasi ya kwanza. Aliinua kidole, kama mtu anayesema, haya, sikiliza hapa. Kidole kikabaki juu. Wimbo ukaendelea. Nafasi ya pili, kidole tena. Ya tatu hakuinua kitu. Akavua spika akaziweka mapajani.

"Ibu," akasema, "Yanto yuko wapi?"

"Yanto nani?"

"Anayeitikia."

Yanto alikuwa mumewe. Ndiye aliyepiga ngoma kwenye ile bendi, na ndiye aliyekuwa akiitikia, kwa sababu kwao wimbo una nusu mbili: mwimbaji anatoa moyo wake, na mwitikiaji anampokea asianguke. Hakunieleza mapema kwa kuwa kwake yeye lilikuwa jambo la wazi. Ni sawa na kumweleza fundi cherehani kwamba shati lina mikono miwili. Yanto aligongwa akiwa kwenye pikipiki, mwaka wa pili wa ndoa yao. Picha zake zipo. Sauti yake ilikuwa kwenye kadi ile, mahali pengine popote hakuna.

Na siku aliyoitaka haikuwa ya sherehe. Sisi Waswahili tunahesabu arobaini, tunasoma hitima, tunamwachia Mungu. Wao wanahesabu mbali zaidi: mia, mwaka, miaka miwili, na ya mwisho ni siku ya elfu. Bibi yake Sri alimfundisha kwamba mpaka siku ile marehemu bado anapita pita, anachungulia wake. Siku ya elfu anaagwa, naye hageuki tena nyuma. Ustadhi wa Mayfair angesikia hayo angekunja uso, lakini mimi si ustadhi. Sri hakuwa na likizo ya kurudi kwao. Alitaka siku hiyo asikie mumewe anamwitikia mara sita, basi, amwache aende. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Nipe siku mbili," nikamwambia. "Nitamrudisha."

Nilijua wakati natamka kwamba sina pa kumrudisha kutoka.

Niliipeleka kadi kwa kijana wa Kisomali anayefufua simu, Mayfair. Alihangaika nayo kutwa, akaniuliza baada ya kufuta niliandika kitu juu yake? Nikasema nilijaza nyimbo. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayetoa mkono wa tanzia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nikafanya kama wafanyavyo waongo wote, nikatafuta uongo wa pili. Nikamwita Papa Dieudo, nikampa kipaza sauti, nikamwambia apige "Hokya!" mara sita, kama mtu anayempenda mkewe. Alipiga moja. Ilitoka kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo. Tukacheka mpaka tukashikana. Kisha akakiweka kipaza sauti mezani.

"Ile bwana alikufaka?"

"Ndiyo."

"Na bibi yake atasikia sauti yangu, atalia juu yangu. Non, Mama Rukia. Ile ni kuvaa nguo ya mufu."

Nilimwona ana haki na nikamchukia kwa muda. Nikampakulia chakula, yeye hukiita bukari, mimi naita ugali, ni ubishi wetu wa miaka. Akaenda kula jikoni na kofia yake, akafunga mlango kwa sababu ya moshi wa dagaa. Mimi nikabaki kwenye mashine, nikaucheza wimbo wa Sri tangu mwanzo, si kwa kazi, ni kwa kujitesa. Zile nafasi tupu zilikuwa zinanitazama. Ulipoisha nikasikia Papa Dieudo ananiita.

"Mama Rukia! Basi umemupata wapi?"

"Nani?"

"Mwanaume wa kuitika. Huyu anaitika muzuri kabisa."

Nilifungua mlango. Alikuwa na tonge mkononi, anatabasamu. Aliponiona uso akalirudisha tonge kwenye sahani.

Tulijaribu kila namna, kwa utulivu, kama tunatafuta waya uliokatika. Akae yeye kwenye mashine, mimi jikoni: sikusikia kitu. Akae jikoni yeye: akamsikia, mara sita, akanionyesha kwa vidole kila ilipofika. Nikaucheza kwa simu koridoni: hakuna aliyemsikia. Nikaipeleka spika nyingine chumba cha kulala: hakuna. Ni mle jikoni tu, mlango ukiwa umefungwa, na ni sikio la mtu asiyekuwa mimi. Papa Dieudo alisema sauti ile haitoki upande wa spika. Inatoka upande wa sinki.

"Haiko mu wimbo, Mama," akasema polepole. "Iko mu hii nyumba. Weye ulimukatia hapa, njo anabakia hapa. Hajue bibi yake iko wapi."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, jua likiwa kali dirishani na watoto wa shule wanapita nje wakipiga soga. Nikasoma Ayatul Kursi nikipita kila kona. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kizito zaidi, aibu. Nilikuwa nimemfungia mtu nyumbani kwangu, na mkewe anahesabu siku.

Mficha uchi hazai. Nilimpigia Sri simu nikamwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyemfuta mumewe, kwamba kadi haina kitu, kwamba nilitaka kumdanganya kwa sauti ya mwingine, na kwamba kuna mzee wa Kikongo anasema anamsikia jikoni kwangu. Nilimwambia pia kwamba mimi sijamsikia, asije akadhani nina hakika. Nilisikia muziki laini wa duka lao, ule wa kuwalaza wateja.

"Ulimsikia mzee anacheka akisema?" akauliza.

"Alikuwa anatabasamu, mpaka aliponiona uso."

"Yanto huwafanya watu watabasamu," akasema. "Siku yake ni Jumapili. Nitakuja mchana. Mchana ndipo alipokuwa anarudi kula."

Alikuja na mtandio mweupe na sahani mbili za wali wa manjano, moja imefunikwa kwa nyingine, zimefungwa kwenye kitambaa. Papa Dieudo hakutaka kuwepo, alisema mambo ya mke na mume hayana mashahidi, akaenda kanisani kwake. Tulikaa mkekani wanawake wawili, tukasoma Yasini, tukamwombea. Sri hakulia. Kisha akanyanyuka akaniuliza afanye nini.

Nikampa sheria ya tatu. Nikamwambia aingie jikoni, afunge mlango, aoshe vyombo vilivyomo, asisubiri kitu. Mikono ikiwa na shughuli sikio halidanganyi. Akazibeba sahani zake akaingia. Nikasikia bomba linafunguliwa, vikombe vinagongana. Nikaketi kwenye mashine, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Mpaka leo sijamwambia mtu kilichofuata.

Sauti ya Sri ilianza, ile ya arusini, ya msichana. Besi ikaingia. Ubeti wa kwanza haukufika katikati, mgao wa umeme ukatukuta. Nilikuwa nimesahau kabisa kutazama zamu ya mtaa wetu. Kioo kikawa cheusi, spika zikapiga pwaa zikafa, hata friji ya koridoni ikanyamaza. Ilikuwa mchana, jua liko dirishani, taa hazikuwa zimewashwa, kwa hiyo mtu aliyeko jikoni asingeona tofauti yoyote kwa macho. Lakini wimbo ulikuwa umekatika. Niliinuka nimwambie. Niliinua mkono kugonga mlango.

Sri alikuwa anaimba.

Nikadhani anamalizia ubeti kwa mazoea. Akaumaliza. Kisha akanyamaza, na mimi, kwa desturi ya kazi, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Katika kimya kile nikasikia anacheka, kile kicheko kifupi cha mwanamke anayetaniwa na mumewe mbele ya watu. Akaanza ubeti wa pili, pale pale unapotakiwa kuanza, si mpigo nyuma wala mbele. Nafasi ya pili, mipigo minne, akasema neno moja kwa lugha yao, kama anayekemea kwa mapenzi. Ya tatu. Ya nne. Vyombo vinagongana kwa mdundo ambao mimi sikuusikia. Nilisimama na mkono juu mlangoni, mashine imekufa mgongoni pangu, nyumba nzima haina sauti ila ya maji na ya mwanamke mmoja. Nafasi ya sita ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikata mimi. Niliacha kuhesabu. Mwishowe bomba likafungwa.

Alitoka anajifuta mikono kwenye mtandio. Machozi yalikuwa yanamtiririka na uso umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Asante, Ibu," akasema. "Sikujua ungeweza kumweka karibu hivyo. Ulimweka nyuma yangu kabisa, hapa." Akagusa bega lake la kulia.

Nilifungua mdomo. Wanangu, nilikuwa nimeapa nisimdanganye tena mwanamke yule, na kweli ilikuwa kwenye ulimi. Nikautazama uso wake nikaumeza ulimi wangu. Nikasema, "Karibu, mwanangu." Kama nilikosea, mtanisamehe, au hamtanisamehe, shauri yenu.

Ile sahani iliyofunikwa alinipa mimi nile. Kwao chakula cha marehemu huliwa na walio hai. Nilikula wali wote, mbele yake, na ulikuwa mtamu. Tukaagana ngazini. Baada ya miezi michache alirudi kwao kabisa, na kila Idi hunitumia salamu. Ule wimbo anao na hajawahi kuniomba nibadilishe kitu.

Nilijaribu kuendelea na kazi. Aliniletea mtu wimbo, nikafika mahali pa kukata kikohozi cha mtu nyuma huko, kikohozi tu, kidole kikagoma. Nikajiuliza huyu ni nani, nani anamngoja. Siku nyingine tena hivyo hivyo. Fundi anayeogopa wembe wake hafai. Ndiyo maana niligawa vyombo vyangu, na nusu yenu mnavitumia. Basi mkitenganisha sauti, msitupe mstari wa chini. Mkinidharau kwa mengine yote, hilo nishikieni.

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni ile. Niliiwasha mashine, nikaucheza wimbo, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Vyombo vyote vilikuwa safi, vimepangwa kwa ukubwa. Sauti ya Sri ikapita ukutani, na nafasi zangu sita zikapita, tupu.

Kesho yake nikamwita Papa Dieudo. Sikumwambia chochote. Nilimpikia bukari, nikalikubali hata jina, nikamkalisha jikoni na kufunga mlango, nikaucheza wimbo mpaka mwisho. Sikusikia ananiita kama mara ile ya kwanza. Nikafungua. Chakula hakukigusa. Alikuwa ameketi akiitazama sinki, kofia ameishika mapajani kwa mikono miwili.